Almasi Niliyomnunulia Mama Yako

Bungoma, Alhamisi alasiri

Mwanangu Wekesa,

Jumapili, tulipokuwa tukirekebisha boma la ng'ombe, uliniuliza, "Baba, si wewe ulifanya kazi kwa wazungu? Almasi nzuri inajulikana aje?" Nikakujibu kwamba sijui, kwamba kazi yangu ilikuwa jikoni, kisha nikajifanya natafuta misumari kwenye nyasi. Nilikudanganya. Najua jinsi almasi nzuri inavyojulikana. Niliwahi kununua moja, na ndiyo ninayotaka kukuandikia habari zake kabla hujapanda gari la moshi kesho kwenda kwenye kazi yako ya reli Nairobi.

Mama yako ameshakupa maagizo yote: blanketi, maji ya Nairobi, watu wa kuogopa, kanisa la kwenda. Hayo mimi nayaruka. Umri wako si wa kufundishwa kufua soksi. Sasa hivi yeye na senje yako Nafula, dada yangu, wako jikoni wanakutengenezea kuku wa safari, wanabishana juu ya chumvi, nami nimejifungia chumbani kwa kisingizio cha mgongo. Mgongo unaniuma kweli, lakini siko hapa kwa sababu yake. Kiswahili changu ni cha jikoni na cha misheni, utanivumilia. Nimejaribu kuliandika jambo hili kwa Kibukusu nikashindwa, kwa sababu kwa Kibukusu kila neno nalisikia kwa sauti ya baba yangu.

Shida yangu ni yule mtamba mwekundu. Umempatia mnunuzi, naye anakuja kesho asubuhi kabla hujaondoka. Pesa zake utakwenda nazo Nairobi, umnunulie Loise pete ya uchumba yenye almasi. Mtamba huyo ndiye wa mwisho katika mahari ya dada yako Nekesa. Kwa desturi yetu ni wako. Ng'ombe wa dada humwoza kaka, na hakuna mzee hata mmoja atakayekulaumu. Uliponiambia, nilisema "sawa." Hiyo sawa yangu imeninyima raha siku nne hizi. Naiandikia barua nzima kwa sababu mdomo wangu ni mzito, unajua, na kila nilipokukuta peke yako nilizungumzia mvua.

Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa mpishi kwenye shamba la setla mmoja upande wa Endebess. Memsahib wake alikuwa na pete yenye jiwe. Alipokuja jikoni kukanda unga, maana mikate hakuniachia hata siku moja, aliivua na kuiweka kwenye kisahani dirishani. Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya wimbi. Siku moja alinifumania nimeinama nikilitazama, nikajua leo nafukuzwa. Badala yake akacheka.

"Hii kidogo sana, mpishi," akasema. "Bwana alikuwa hana pesa. Lakini iko safi. Angalia, ndani hakuna kitu."

Niliangalia. Ndani hakukuwa na kitu kweli, lilikuwa kama tone la maji. Na unajua nilichojifunza siku hiyo? Kwamba memsahib, na shamba lake lote, ana pete ndogo. Basi. Yale mengine aliyoniambia yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Wakati huo nilikuwa nimeshamwona mama yako. Rebeka alikuwa binti wa mwinjilisti wa hapa Bungoma, na sikuwa peke yangu niliyemwona. Kulikuwa na karani wa baraza mwenye baiskeli, kijana wa kola nyeupe, aliyekuwa akipita mbele ya nyumba yao mara tatu kwa siku kana kwamba barabara nyingine zote zimefungwa. Baba yake Rebeka alitangaza kwamba Wakristo huchumbiana kwa pete, mbele ya kusanyiko. Wengi walivalisha pete za shaba zilizofuliwa sokoni, na zilitosha kabisa. Mimi hazikunitosha. Nilikuwa nimeosha vyombo karibu na almasi. Nikaanza kupiga hesabu kichwani: kama memsahib ana punje ya wimbi, na Rebeka wangu akavaa punje ya mtama, huyo karani atasema nini na baiskeli yake?

Nilikuwa na akiba kidogo ya mshahara, isiyofika popote. Mwaka uliotangulia, dada yangu Nafula alikuwa ameolewa upande wa Kimilili. Katika mahari yake baba yangu alinitolea mtamba mmoja wa rangi ya majivu, akanitia kamba mkononi, akasema, "Huyu ni wa kuanzia kwa watu wa Rebeka." Lakini mwinjilisti aliponiona alisema hana haraka na ng'ombe, tuanze na pete, ng'ombe watafuata pole pole. Nilisikia nilichotaka kusikia. Nilijiambia kwamba sisi watu wa misheni tumeshamalizana na mambo ya ng'ombe, kwamba mnyama ni mali kama mali nyingine, unamwuza na yameisha. Ujinga wa aina hiyo nadhani tuliuweza sisi tu, wale wa kwanza kubatizwa. Nilikuwa nimeacha kunywa busaa kwenye mrija pamoja na wazee, nimejifunza kuimba kutoka kitabuni, nikadhani hayo yanatosha kumfanya yule mtamba asiwe tena dada yangu.

Nilimswaga siku mbili mpaka Kitale, nikamwuza mnadani. Baba nilimwambia nimempeleka Endebess kwa rafiki yangu skwota, aliyeruhusiwa kulisha ng'ombe wachache kwenye shamba la mzungu, kwa kuwa majani ya kule ni mazuri. Baba akafurahi. Alisema kumbe mwana wake ana akili.

Sonara alikuwa Mhindi mzee mwenye duka jembamba Kitale, upande wa maduka ya vitambaa. Ilikuwa baada ya nzige na bei mbaya ya mahindi, masetla wengi walikuwa wamevunjika. Waliuza piano, waliuza matandiko ya farasi, na wake zao walikuja kimya kimya kuuza pete. Ndiyo maana mpishi kama mimi angeweza hata kuuliza bei. Yule mzee alinitolea pete mbili juu ya kitambaa cheusi. Moja ilikuwa na jiwe dogo, la pili kubwa zaidi, na bei zilikuwa karibu sawa. Nikanyoosha mkono kwa ile kubwa.

"Ngoja," akasema. "Jiwe hapana angalia na taa. Taa nadanganya. Kuja mlangoni."

Tukasimama mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Akaniambia nipulizie pumzi jiwe dogo, ukungu ukaondoka papo hapo. Akaniambia nipulizie kipande cha kioo, ukungu ukakaa kama kwenye dirisha la asubuhi. Nikapulizia lile kubwa, nalo pia likasafika mara moja. Lilikuwa almasi kweli, hakunidanganya. Kisha akanigeuzia lile kubwa nilitazame kwa ubavu. Ndani, karibu na katikati, kulikuwa na kidoa cheusi kama kiroboto.

"Mimi nakuambia kweli," akasema. "Kubwa hii iko na alama, kwa hivyo rahisi. Ndogo hii iko safi. Pesa yako naweza nunua safi, lakini ndogo. Wewe chukua ndogo."

"Hiyo ndogo," nikamwuliza, "mtu akiwa benchi ya nyuma kanisani ataiona?"

Alinitazama sana. "Wewe naoa bibi," akasema, "ama naoa benchi?"

Nilichukua kubwa.

Basi sasa unajua: mwanga wa mchana, pumzi, ubavuni, na jiwe dogo lililo safi kuliko kubwa lenye walakini. Na uangalie vile vikucha vinavyoshika jiwe, kama havijalika. Pete ya mama yako jiwe lake lilikaa juu sana, kama jicho la chura, likawa linanasa kwenye magunia, kwenye leso, kwenye kila kitu. Kila alipokwenda shambani aliivua, yaani aliivua kila siku. Loise ni mwuguzi, ananawa mikono kutwa. Kama utanunua, nunua iliyolala chini. Hakuna aliyeniambia hilo, na mimi sikufikiri kwamba mkono wa mke wangu utakuwa na kazi nyingine zaidi ya kutazamwa.

Siku ya kuvalishana pete ilikuwa kama nilivyoiota. Wanawake walipanga mstari kumshika Rebeka mkono. Yule karani alikuja, akatazama, na sikuiona tena baiskeli yake kwenye barabara ile. Nilivimba kichwa, mwanangu, nilivimba mpaka kofia ikanibana. Dada yangu Nafula alikuja kutoka Kimilili kwa miguu, akaimba mpaka sauti ikampotea. Naye alimshika Rebeka mkono. Aliitazama pete muda mrefu kuliko wengine wote, akasema, "Ni nzuri," kisha akaenda kusaidia kuosha vyombo.

Mama yako aliona kile kidoa wiki ya kwanza. Akaniuliza, "Hii ni nini ndani?" Nikamwambia hiyo ndiyo alama ya almasi ya kweli. Sijui kama aliniamini au alinihurumia.

Hatukuwa tumemaliza mwaka katika ndoa Nafula aliporudi nyumbani. Alikuja asubuhi ya mvua, uso umevimba upande mmoja, akaketi jikoni kwa mama yetu. Mumewe alikuwa mlevi na mwenye mkono mwepesi, sote tulikuwa tumesikia, na sote tulikuwa tumenyamaza. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Alimtazama bintiye, akatoka nje, akazunguka boma lake. Alijua watu wa Kimilili watakuja kudai ng'ombe, tena wote, kwa kuwa Nafula hakuwa amezaa bado. Na ng'ombe wale walikuwa wameshakwenda kwa wakwe wa kaka yangu mkubwa. Akaniita.

"Ningekuwa na hata mmoja wa kuanzia," akasema, "ningeenda kule nisimame kama mtu. Ningewaambia, shikeni huyu, wengine nitaleta pole pole, lakini mtoto wangu harudi. Mikono mitupu siwezi, watanicheka. Sasa wewe enda Endebess, lete ile mtamba yetu."

Nilimwambia Rebeka anipe pete nikaisafishe Kitale. Uwongo mwingine, hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuhesabu. Endebess sikwenda, kwani ningekwenda kufanya nini? Nilikwenda moja kwa moja kwa sonara, nikamwekea ile pete juu ya kitambaa chake cheusi.

"Dhahabu mimi napima," akasema. "Jiwe na alama, nani nataka?"

Nikamwambia si ni wewe uliniuzia. Akasema ndiyo, na siku ile alinipa shauri la bure. Bei aliyoitaja isingenunua hata mbuzi wawili. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho duka lolote la vito halitakuambia ukiwa unaingia: siku ya kununua jiwe lina bei, siku ya kuuza lina huruma ya mnunuzi tu. Yule mtamba wangu wa majivu wakati huo angekuwa ameshazaa.

Siku mbili za njia kurudi nilifanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nitasema, baba, nimekosa, ng'ombe niliuza, pete hii hapa. Nilipofika, baba alikuwa amesimama langoni, na hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, barabarani, akitafuta mnyama.

"Amekufa, baba," nikasema. "Ndigana."

Hakuuliza alikufa lini wala amezikwa wapi. Aliniambia pole. Baba yangu aliniambia pole, Wekesa, mimi. Nafula alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, akasikia. Akaingia ndani, akatoka na kifurushi chake kimefungwa.

"Mimi sina shida, baba," akasema. "Nitarudi tu."

Kesho yake baba mwenyewe akamsindikiza mpaka Kimilili.

Alikaa kule miaka miwili mingine. Siku alipoletwa, jirani mwema alimbeba kwenye baiskeli, mkono wa kushoto umevunjika mahali pawili na umekaa wiki nzima bila kufungwa. Ninyi watoto tuliwaambia alianguka kutoka ghalani. Umekua ukijua hivyo, na ulipokuwa mdogo ulikataa kupanda ghala lile kwa sababu yake. Hakuanguka popote.

Hapo nilimwambia mama yako kila kitu. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye beseni, akapaka kidole sabuni, akaivua ile pete na kuiweka mezani mbele yangu. "Peleka," akasema. Nikaipeleka Kitale, nikaiuza kwa bei ile ile ya aibu, pesa zikaenda hospitali. Daktari alisema mfupa umeshajiunga vibaya. Umewahi kuniuliza mbona mama yako havai pete, nami nikakwambia ni mambo ya dini. Si mambo ya dini. Mwezi mzima alinipakulia chakula na kuondoka, na baada ya mwezi akaketi tena, lakini pete hakutaka, hata ya shaba.

Baba yangu nilimwambia pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba maji ya kunywa. Hakulizungumzia tena mpaka alipokufa. Mimi nilirudi kwenye masufuria ya mzungu, na kwa miaka sita mshahara wangu ulikwenda Kimilili kwa miguu minne minne, mpaka mzee wa mtaa aliposema yametosha, huyu mwanamke sasa ni wa kwao.

Nafula ndiye niliyemwambia mwisho. Sikujua nianzie wapi. Alikuwa akipukuchua mahindi, gunzi amelibana kwa magoti, akitumia mkono wake mzima. Alinisikiliza bila kuacha kazi.

"Ati unafikiri sikujua?" akasema. "Siku ile ya pete nilishika mkono ya Rebeka. Mshahara yako nilikuwa najua. Nikajua hii ni ng'ombe yangu."

"Mbona hukusema? Siku ile nilisema amekufa, mbona hukusema?"

"Ningesema, si watu ya Rebeka wangekukataa? Mwizi wa ng'ombe ya baba yake, nani atampea msichana?" Akapukuchua gunzi lile likaisha, akachukua lingine. "Nikaona, wacha mmoja wetu akae vizuri."

Miaka imepita, na hakuna siku niliyokula chakula chake nisiyakumbuke maneno hayo. Yeye hajawahi kuyarudia. Anacheka na mama yako, anakugombeza wewe, anaimba kanisani. Mimi ndiye nisiyelala mchana wala kupumzika jioni. Usidhani mtu akisamehewa uchovu unaisha.

Sasa nisikilize vizuri, maana sitaki uondoke ukisema baba anapinga pete, au baba hampendi Loise. Loise nampenda. Ana kicheko kizuri, na alipokuja hapa aliingia jikoni bila kuombwa. Jiwe nalo halina kosa lolote, limekaa tu pale lilipo. Lakini wewe niambie ukweli: ni yeye aliyeomba almasi? Au ni wewe unayetaka iwe almasi? Juzi nilimwuliza mama yako, baada ya miaka yote hii, wakati ule angependa pete gani. Alinitazama kama ninamchezea. "Ningechukua ya shaba," akasema. "Si hukuniuliza." Kama Loise anaitaka kweli, mshahara wako wa reli unaweza kununua ndogo safi ukijibana mwaka mmoja na nusu. Mawe ya Nairobi hayataisha. Na kama hawezi kungoja mwaka na nusu, basi hilo nalo ni jambo zuri kulijua mapema.

Lakini si hilo lililonikalisha hapa.

Jumanne nilikuambia nakwenda Kitale kutafuta mbegu. Sikwenda kutafuta mbegu. Nilipanda lori la magunia mpaka Endebess, kwa dada yako. Nilitaka kumwuliza kama ana amani kwake, swali ambalo mimi na baba yangu hatukumwuliza Nafula kabla ya kumgusa ng'ombe wake. Mumewe alinipokea vizuri, tena sana, akanichinjia kuku, akaniita baba kila sentensi. Labda ni mtu mwema. Naomba iwe hivyo. Nilingoja atoke, naye hakutoka, akaketi nasi muda wote. Alipoinuka kidogo kufukuza ndama aliyeingia shambani, nikamwambia Nekesa kwamba unataka kumwuza yule mtamba mwekundu. Kabla sijauliza lolote akanijibu, macho yake yakiwa mlangoni.

"Mwuze tu, baba. Mimi sina shida."

Maneno yale yale ya senje yako, Wekesa. Mumewe akarudi, Nekesa akaniongezea ugali, na mimi, mzee mzima, nikala. Sikuona alama usoni mwake. Sikuona chochote ambacho ningeweza kukipeleka kwa wazee. Labda ni mimi tu ninayesikia vitu, labda alikuwa akitazama kama chungu cha nje kinachemka. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi, na nimekuambia mbegu zimekwisha dukani.

Utauliza kwa nini basi nisimkataze yule mnunuzi, boma ni langu. Nimefikiri hivyo. Mama yako ndiye aliyenizuia. Alisema, "Usimkataze, mwambie. Wewe ungekatazwa wakati ule ungemwuza usiku." Ana haki. Na tena nimechoka kuamua mambo ya ng'ombe peke yangu na kuyaficha. Wengine wote wa mahari ya Nekesa wamekwenda, unajua walikokwenda, sehemu kwa masomo yako na sehemu kwa watu wa Loise. Mtamba akibaki, siku Nekesa akitokea hapo langoni na uso umevimba, nitamfunga kamba mnyama huyo nimpeleke Endebess siku hiyo hiyo, nisimame kama mtu, niwaambie shikeni huyu, wengine watakuja. Asipobaki, nitafanya alichofanya baba yangu. Sitaki kukudanganya kwamba nitakuwa jasiri kumshinda. Nilimwona. Alikuwa mtu mzuri kuliko mimi, na alimrudisha.

Huenda siku hiyo isije kamwe. Huenda mtamba akazeeka bomani bure, na ukanikasirikia, na Loise akavaa shaba miaka miwili mbele ya wauguzi wenzake wenye maneno. Hiyo ndiyo bei, na ni wewe utakayeilipa, si mimi.

Barua hii nitakupa mkononi tukimaliza kula, uende kuisoma chumbani kwako. Usije kunijibu. Asubuhi mnunuzi akija, mtoke wewe naye, mimi nitakaa ndani. Ukimwuza, nitakubebea sanduku mpaka stesheni kama nilivyoahidi, na hutaona uso wangu umebadilika. Nina mazoezi ya miaka mingi. Lakini ukimrudisha yule mtu mikono mitupu, usinitafute mimi kwanza. Pitia jikoni. Senje yako atakuwa anawasha moto kwa ule mkono mmoja. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba kuna ng'ombe anayebaki nyumbani kwa ajili ya Nekesa. Katika maisha yake yote hakuna mwanamume wa ukoo huu aliyewahi kumwambia msichana maneno hayo, na ningependa ayasikie angali hai.

Baba yako,
Simiyu